Nakala ya Mtu Mmoja

Mtu akikupigia simu Jumanne kukuambia anakuletea chakula, na wewe hujaugua wala hujazaa, basi kuna jambo. Wafula alinipigia nikiwa kazini, nahesabisha mashuka, akasema mchana atapita kwangu Al Wukair na wali wa kuku, nisihangaike kupika. Nikamuuliza anakuja peke yake. Akasema hapana, anakuja na Akinyi. Hapo nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu mbele ya wasichana ninaowasimamia, nao wakadhani sukari imeshuka. Sisi tuliopitia Uani tunaijua hiyo sheria. Wanakwenda wawili, haendi mmoja, na wanakwenda na chakula. Isitoshe, kundi letu la WhatsApp, ambalo watu wake hawajui kunyamaza hata wakati wa kula, lilikuwa kimya tangu Jumapili. Asubuhi ile iliingia picha moja tu ya waridi kutoka kwa Wafula, na chini yake maneno ya kututakia siku njema, na hakuna hata mmoja aliyemwitikia. Watu wote wale, kimya. Nikajua wamefungua kundi jingine wakahamia huko, nikaachwa mimi na waridi. Nilijua pia ni nani aliyekufa, maana kwa mtu mwingine yeyote wa Uani wangetangaza tu kwenye kundi. Lakini sikulitaja jina lake hata moyoni. Niliomba ruhusa, nikarudi nyumbani, nikafagia sebule iliyokwisha kufagiwa, nikakaa kuwasubiri.

Uani lilikuwa gazeti. Nje ya duka tulimolichapa hatukuliita hivyo, tuliliita karatasi, kwa sababu gazeti linataka kibali na ofisi na mtu wa kujibu maswali, nasi hatukuwa hata na meza. Lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne, likitoka kila Ijumaa katika mwaka ule mmoja ambao nikiufikiria naona umekuwa mrefu kuliko yote niliyoishi kabla na baada yake. Vijana huniuliza siku hizi kama ni kweli lilikuwa gazeti la kwanza la Kiswahili hapa Doha. Sijui, na sipendi kujipa cheo nisichokuwa na ushahidi nacho. Ninachojua ni kwamba mwaka ule simu zetu zilikuwa za kupiga na kutuma meseji tu, kadi ya kupigia nyumbani ilikuwa inakatika kabla hujamaliza kuulizia mbuzi, na Mswahili wa mtaa huu hakujua Mswahili wa mtaa ule anaishi vipi. Karatasi yetu ilisema nani anatafuta mwenzake wa kugawana chumba, nani anasafiri kwenda Tanga na ana nafasi ya mzigo, timu gani imefungwa, nani kapata mtoto. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa salamu, na chini kabisa, ndani ya mstari mweusi, tanzia. Watu walilisoma kuanzia nyuma, kama wanavyosoma Waarabu wa hapa. Walianza na waliokufa, ndipo wakarudi kwa walio hai.

Mwenye wazo lile alikuwa Makame. Nimeshalitaja, basi. Makame alikuwa Mpemba, dereva wa gari la kubebea wafanyakazi wa hoteli yetu, mrefu, mwenye mkato wa shingo kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Ujanani aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya kupiga chapa kule Unguja, na hakupona. Harufu ya wino ilimlewesha. Palikuwa na duka la vifaa vya ofisi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, limebanwa kati ya fundi cherehani na kinyozi, la Mmalayali mmoja, Mhindi wa Kerala, aliyeitwa Bwana Kunju, na nyuma ya duka kulikuwa na mashine ya kurudufu aliyoitumia kuchapa orodha za vyakula vya mikahawa. Ijumaa asubuhi duka lilikuwa limefungwa. Makame alimwomba Bwana Kunju saa zile za asubuhi kabla ya sala, akapewa, kwa masharti kwamba karatasi na wino tununue wenyewe na pasibaki hata alama ya kidole ukutani. Mashine ile ilikuwa ikianza kuzunguka inanguruma, inalalamika, inakohoa, kisha inatulia ghafla na kukukodolea taa nyekundu bila kukwambia umekosea nini. Makame akaibatiza Mama Mkwe. Bwana Kunju alipotafsiriwa jina hilo alicheka mpaka akajifuta macho, akasema wake ana kelele zaidi.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mimi nilikuwa nimesoma uhazili Tanga kabla maisha hayajanitupa kwenye chumba cha kufulia nguo za hoteli, kwa hiyo kuandika kwenye kompyuta ya dukani ilikuwa kazi yangu. Wafula, Mkenya wa Bungoma aliyekuwa mlinzi wa jengo refu upande wa baharini, alikusanya habari, kwa sababu mlinzi huona kila mtu na hakuna anayemwona yeye. Ukurasa ukiwa tayari, Makame aliulaza juu ya kioo cha mashine, nayo ikautoboa kwenye stensili, ngozi nyembamba inayojifunga kwenye pipa la wino ndani. Stensili moja ilikuwa inatoa nakala mamia, na ukibadilisha neno moja lazima ukate nyingine. Makame alizionea uchungu stensili zile kama mama anavyouonea uchungu unga wa mwisho. Ukimwambia umekosea nukta, alikwambia msomaji ataiongeza mwenyewe. Karatasi zikitoka bado zina unyevu, wino unabaki vidoleni, na mimi siku ya Ijumaa niliisali adhuhuri mikono ikiwa na weusi kwenye kucha hata nikiisugua vipi. Wafula alichukua furushi lake kwenda Mesaimeer kwa watu wa kanisa, Makame akachukua la misikitini na madukani, mimi nikapeleka kwenye majengo ya wanawake.

Sheria ya kukalishwa ilitokana na msiba. Katika zile nakala za mwanzo kabisa tulichapa kifo cha mzee mmoja wa Mombasa, na mwanawe, kijana mwosha magari, akaisoma akiwa amesimama kituoni anasubiri basi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Watu walimwona akiikunja ile karatasi vizuri, akaitia mfukoni, kisha akaanza kutembea barabarani juani bila kujua aendako. Makame alimfuata na gari akampata mbali. Baada ya hapo alitukusanya dukani akasema maneno ambayo yaliishi kuliko gazeti lenyewe: mtu asipewe msiba akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Tanzia isichapwe mpaka mwenye msiba amekalishwa kitako. Huko kwetu mila hiyo ipo, mtu haambiwi kifo barabarani, ataambiwa tu kwamba mgonjwa amezidiwa, aje nyumbani. Lakini hapa nyumbani hapapo, ndugu wako mbali, basi nyumba tukawa sisi. Wawili wanakwenda, mmoja anakaa karibu na mlango, mwingine ubavuni. Chakula kinatoka nje ili mwenye msiba asisimame jikoni. Analishwa kwanza, kwa sababu akishajua hatakula mpaka kesho. Mikono ikishanawishwa ndipo anaambiwa. Nilikalisha watu mwaka ule. Nilimkalisha mama mmoja wa Arusha ambaye kabla ya kumaliza kula aliniangalia akasema, "Ni nani kati ya watoto?" nami nikamwambia ale. Hata Wakristo wa Mesaimeer waliishika, na Wafula akawa hodari kutuzidi sote, maana ana sauti isiyopanda wala kushuka.

Mimi na Makame tulikuwa tumependana, na nisiseme zaidi ya hivyo kwa sababu waliokuwapo walijua kabla yetu. Alikuwa akinitania kwamba ameshazoea kuishi na Mama Mkwe, amebakisha kupata mke. Siku moja alinikuta nimevimba jicho kwa mvuke wa sabuni, akasimama nje ya mlango wa kufulia akiwa na barafu kwenye mfuko wa mkate, mbele ya wafanyakazi wote, na hapo hata msimamizi wetu Mfilipino akaelewa. Akapeleka posa kwetu Pangani kwa njia inayostahili, kupitia kwa kaka yangu Abdi, ili mama ajibu. Mama hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alijibu posa kama anavyonunua samaki, anageuza, anabonyeza, anaondoka, anarudi. Kila Jumapili nilipiga simu, na kila Jumapili aliniambia bado anafikiri, kisha anacheka. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilikuwa ninaona haya kuomba ruhusa ya mama kama msichana, lakini niliipenda haya ile. Mwishowe nikaandika salamu kwenye ukurasa wa mwisho wa Uani, kwa kuwa kila mwezi nilimtumia nakala kwa mtu anayesafiri, na alikuwa anawakusanya majirani zake wasomewe. Niliandika hivi: kwa mama yangu Bi Mwanajuma wa Pangani, barua umeipata, na jibu tunalisubiri, usituchoshe kwa maringo, ni sisi watoto wako wawili. Lile neno wawili nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Ijumaa hiyo niliyoiandika naikumbuka kuliko Ijumaa ya arusi yangu, ile niliyokuja kuolewa baadaye na mtu mwema ambaye hahusiki hapa. Makame alikuwa amefika dukani kabla yangu, jambo ambalo halikuwa kawaida. Wafula naye alikuwepo, amekaa kwenye kompyuta, naye alikuwa mtu wa kuchapa kwa vidole viwili akitafuta herufi kama amepoteza shilingi. Niliingia akasimama haraka. Nikamtania kwamba anataka kuninyang'anya kazi, hakucheka. Nilimaliza ukurasa wangu, nikampa Makame, akazisoma zile salamu pole pole mpaka mwisho. Nilimtazama usoni kuona kama atafurahia lile neno wawili. Aliinamisha kichwa, akaanza kuifuta mashine kwa kitambaa, pale ambapo palikuwa pasafi. Kisha akaniomba nikanunue chai ya maziwa na chapati kwa ajili yetu sote, mkahawa wa mtaa wa pili, siyo wa hapa jirani, kwa sababu wa jirani, alisema, chai yao siku hizi ni maji. Nikaenda. Palikuwa na foleni ya madereva. Niliporudi Mama Mkwe ameshanyamaza, mafurushi yamefungwa kamba, na Makame akanipa nakala moja mkononi, iliyokunjwa tayari. Nikafungua nyuma nikaziona salamu zangu, wino bado mbichi. Akasema majengo ya wanawake leo atapeleka yeye, nimechoka, nikapumzike. Niliona ni mapenzi. Nilikula chapati ile nikiisoma nakala yangu kwa mara ya pili, nao wamesimama wananitazama, na chai yao inapoa.

Jumapili nilipiga simu nyumbani. Akapokea Abdi. Nikamuuliza mama, akasema amelala. Nyuma yake nilisikia watu wengi, sauti za wanawake, sahani zinagongana, na mtu anasoma kwa sauti nzuri sana. Nikamuuliza kuna nini hapo, akasema maulidi ya jirani, wameazima ua wetu. Nilifurahi kusikia sauti zile. Nilimwambia asikate, aiweke simu wazi nisikilize, na akaiweka, na mimi nikasimama kwenye ngazi za jengo letu nikimalizia kadi yangu yote kwa kusikiliza watu wakimsomea mama yangu khitma, nikitabasamu.  Chumbani nako mambo yalikuwa mepesi kuliko kawaida. Tulikuwa wanne chumba kimoja. Zuhura wa Tanga, ambaye tuligombana kila wiki juu ya zamu ya kufua, alinifulia bila kuniambia. Nikapikiwa uji. Nikaachiwa kitanda cha karibu na kiyoyozi. Nilimwambia Makame kwa simu kwamba wanawake wale wameniona karibu naolewa sasa wananiheshimu, na yeye akasema ndiyo, huenda.

Katikati ya juma alitujia mgeni chumbani, msichana wa Kisumu, mara yake ya kwanza kutoka kwao, jina lake Akinyi. Jioni yake ya kwanza akataka kujionyesha ana adabu. Zuhura alikuwa jikoni anapakua, Akinyi akatandika chini magazeti ya kulia, kama tulivyofanya siku zote tuliokuwa hatuna sufra. Akaitafuta karatasi, akakuta furushi la Uani nyuma ya mlango, lile Makame alilolileta yeye mwenyewe kwa wanawake na wao wakalificha. Akatandaza nne, kurasa za nyuma zikiangalia juu. Sinia likawekwa, tukakaa. Kila aliyekula juu ya gazeti anajua kwamba huwezi kula bila kusoma, hata kama umeshalisoma. Mkono wangu ulikuwa kwenye wali. Nikaona pale salamu zangu zilipokuwa pana mstari mweusi, na ndani yake Bi Mwanajuma wa Pangani, mama wa dada yetu Mwanaidi, amefariki Jumatano, amezikwa siku hiyo hiyo, dua itasomwa Ijumaa baada ya sala. Na chini yake: ndugu wote tunaombwa tumwachie kwanza mwenyewe, bado hajakalishwa. Nikaisogeza punje ya wali iliyokuwa juu ya jina, nikasoma tena. Kisha nikaangalia wenzangu, na hakuna aliyekuwa anatafuna isipokuwa yule mgeni, masikini, aliyekuwa anakula kwa furaha akiuliza kama kuna pilipili.

Mji mzima ulijua. Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma hadi sasa ninapoandika. Walinzi wa majengo walijua, wapishi wa mahotelini walijua, watu wa Mesaimeer ambao sijawahi kuwaona walimwombea mama yangu kwa jina. Mtu aliyeniuzia mkate alijua. Mwenyewe nilitembea katikati yao kwa siku zote zile nikiuliza nguo gani inafaa kuvaliwa kwenye posa, na wao wakanijibu.

Zuhura alimpigia simu Makame papo hapo. Wanaume hawakuruhusiwa kupanda kwenye jengo letu, kwa hiyo niliitwa chini, pale magari yanapoegeshwa, jua limeshashuka lakini sakafu bado inaunguza kandambili. Makame alikuwa amesimama na sinia la pilau limefunikwa kitambaa, na Wafula nyuma yake. Walikuwa wamekuja kunikalisha. Nadhani mikono yake ilitenda kwa mazoea tu, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili angebeba pilau saa ile.

"Kaa kitako kwanza, Mwanaidi," alisema.

"Nimeshakaa," nikamwambia. "Nilikuwa nimekaa, na nilikuwa nakula. Sheria yako haikuvunjika hata kidogo."

Akataka kuliweka sinia chini, hakuona pa kuliweka. Nikaitoa mfukoni ile nakala yangu, iliyokuwa imeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo kwa kusomwa, nikamuuliza ilikuwa moja tu au alichapa nyingine kwa ajili ya wajinga wengine.

"Moja," alisema. "Nilikata stensili nzima kwa karatasi moja. Skiza, Mwanaidi. Kaka yako aliniomba usijue mpaka upate ruhusa ya kusafiri, usije ukalia peke yako kwenye nyumba ya watu. Ruhusa inatoka kesho, nimekwenda mwenyewe kukuombea. Lakini maiti naye ana haki yake, ana haki ya dua Ijumaa yake ya kwanza. Na wewe una haki ya kukalishwa. Sikuona nimdhulumu nani."

"Umenidhulumu mimi," nikasema. "Uliniacha nimwandikie salamu mtu aliyeko kaburini. Ukazisoma. Ukanichapia. Ukanitazama nikila."

 Akafungua mdomo kama mtu mwenye neno jingine, akamtazama Wafula, Wafula akaangalia chini, naye akaufunga. Nilidhani ni aibu. Nikaiweka nakala yangu juu ya kitambaa cha lile sinia, nikapanda ngazi, na sikuwahi kuingia tena kwenye duka la Bwana Kunju.

Nilikwenda Pangani na ile ruhusa aliyoniombea. Kaburi lilikuwa limeshaota majani madogo. Abdi alijaribu mara moja, tukiwa tumekaa kibarazani, kuanza maneno kuhusu ile posa, nami nikamwambia posa ilikufa na mwenye kuijibu, na mtu huyo asitajwe mbele yangu, akitaka tubaki ndugu. Abdi ni mtu mpole. Hajamtaja mpaka leo. Watu wengi, Zuhura mmojawapo, wamewahi kuniambia nilikuwa mkali mno, kwamba Makame alifanya kwa huruma, na ni kweli alifanya kwa huruma. Mimi sijawahi kubadilisha neno. Huruma inayokupokonya mama yako ukiwa unacheka ni wizi, na mwizi akilia haimfanyi kuwa si mwizi. Lakini sikuacha kumpenda, hilo nalo niliseme wazi, maana watu hudhani hasira hufukuza mapenzi. Havifukuzani. Vinakaa nyumba moja vikinuniana. Uani lilitoka mara chache bila mimi, kwa vidole viwili vya Wafula, kisha jengo likabomolewa, Bwana Kunju akarudi kwao, na Mama Mkwe akauzwa kwa wanunua vyuma. Makame aliondoka mwaka uliofuata. Alioa Pemba, akapata watoto. Sheria ndiyo iliyobaki. Mpaka leo Waswahili wa hapa, hata vijana ambao hawajaliona gazeti lile, wanaogopa kumtumia mtu msiba kwenye simu kabla wawili hawajamwendea na chakula.

Wafula na Akinyi walifika baada ya adhuhuri. Wafula amekuwa mzito, anasimamia walinzi sasa, anapanda ngazi kwa kupumzika. Akinyi ni mama mtu mzima mwenye miwani. Hajawahi kujisamehe yale magazeti, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba yeye ndiye pekee aliyenitendea haki bila kujua. Alikaa karibu na mlango. Wafula akakaa ubavuni kwangu, akafungua vyombo, akanipakulia. Sikumuuliza kitu. Nilikula, kwa sababu najua kazi ile ilivyo ngumu kwa anayeifanya, na sikutaka kumzidishia. Tulizungumzia joto, na mwanangu aliyeko chuo, na barabara mpya ya kwenda Wakrah. Akinyi akaniletea maji ya kunawa. Nikanawa, nikajifuta, nikaiweka mikono magotini.

"Si unajua vile Makame amekuwa mgonjwa wa figo," Wafula alianza, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Ametuacha, dadangu. Jumapili asubuhi, huko kwao. Walimzika jioni hiyo hiyo."

Nikasema sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nililia kidogo, kilio cha mtu aliyekwisha kulia tangu asubuhi. Nilidhani yamekwisha. Simu yangu ikaanza kutikisika mezani, maana Akinyi alikuwa ameshaniingiza kwenye lile kundi jipya na pole zilikuwa zinamiminika moja juu ya nyingine, nikaigeuza uso chini. Lakini Wafula hakuinuka. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa cha kufutia mikono.

"Kuna ingine," alisema. "Ile siku kaka yako alipiga simu, mimi nilikuwa hapo kwa duka. Makame aliweka spika. Kaka yako alisema mama yako alijibu ile posa usiku wa Jumanne. Alikubali. Alisema amempa, lakini arusi ifanywe kwake, apike mwenyewe, asiletewe wapishi. Asubuhi akaanguka. Makame alipata hizo habari mbili kwa simu moja. Angekuambiaje moja bila ingine?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia baadaye, pale chini kwenye magari, au mwaka wote uliofuata, au katika miaka yote hii ambayo yeye Wafula amekuwa akinitumia maua kila asubuhi.

"Alinikataza," Wafula alisema. "Alisema ukijua, utamrudia kwa sababu ya marehemu. Yeye alitaka umrudie kwa sababu yake. Akasema nikwambie siku atakuwa hayuko, lakini nikukalishe kwanza, na uwe umekula."

Akinyi pale mlangoni alikuwa amevua miwani. Chini barabarani gari la maji lilikuwa linarudi nyuma likipiga kile kilio chake. Nilitazama sahani yangu, nikaona nimeimaliza yote, sikubakiza hata punje.

"Rudia," nikamwambia Wafula.

Akaniuliza arudie lipi.

"La mama. Alivyosema."

Wafula akakiweka kile kitambaa mezani, akanigeukia. "Alisema amempa," alisema. "Alisema arusi iwe kwake, na atapika mwenyewe."

Nikamwomba arudie tena.